Kichwa Kisichojua Sabato

Kichwa cha kuchapia cha printa kikikaa siku nzima bila kutemeshwa mate, wino hugandia katika vitundu vyake, na vitundu vyenyewe ni vyembamba hata macho hayavioni. Hapo kichwa kimekufa. Mong'ina alijifunza hilo kwa machozi. Kichwa chake cha kwanza, alichokibeba kutoka ng'ambo alikokuwa akisoma, kimeviringishwa ndani ya masweta kama yai la bata, kilimfia Migori kwa sababu ya Jumamosi moja tu. Yeye ni Msabato, mtoto wa Wasabato, na jua la Ijumaa likishazama hagusi kazi mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Kichwa hakikujua Sabato.

Ndipo alipopatana na Tima. Tima binti Mohammad alikuwa fundi wa simu mjini hapo, mwenye chumba cha mbele ambacho watu waliingia na vioo vyao vilivyopasuka, na Mong'ina alikuwa amepanga chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha. Ijumaa mchana Tima akienda msikitini, Mong'ina alikitemesha kichwa. Jumamosi Mong'ina akiwa kanisani, Tima alikitemesha, matone machache tu juu ya karatasi, kisha akapiga picha ya zile nukta na kumtumia kwa simu aone kama vitundu vyote vinatema.

"Lakini kutazama picha si kazi?" Tima alimuuliza siku ya kwanza.

"Kutazama si kazi."

"Haya. Basi malaika wako asiandike jina langu."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Unachukua kioo chembamba kilichopangwa vishimo, mstari kwa mstari kama trei ya mayai, ila vishimo ni vidogo hivi kwamba ukikosa hadubini unaona kioo kitupu. Kichwa kinapita juu, kinadondosha tone la wino katika kila kishimo. Tone likienda kando hata kidogo linamwagikia kwa jirani, na nukta zote mbili zimeharibika. Kwa hiyo kuta za vishimo zimepakwa dawa ya kukataa wino, kama jani la nduma linavyokataa maji, ili tone lililosita ukingoni liteleze na kurudi kwake. Wino ukikauka unabaki utando, na utando ukipitishiwa umeme unawaka wenyewe, bila taa yoyote nyuma yake. Mong'ina na Tima walichapa rangi ya kijani tu, namba za kijani za kutia katika mizani za samaki. Wauza omena wa Mbita walikuwa wamelalamika kwamba mizani zao zinamwonyesha namba yule aliyesimama mbele peke yake, na mwenzake aliye ubavuni anaambiwa tu. Mwanga wa kuchapwa unaonekana kutoka kila upande. Mnunuzi anaona, muuzaji anaona, na jirani mmbeya naye anaona.

Sasa wino huo na hewa ni maadui. Parachichi lililokatwa huchukua muda kugeuka rangi, wino huo hauchukui. Kwa hiyo printa ilikaa ndani ya sanduku kubwa la vioo, na ubavuni mwa sanduku zimening'inia glavu nyeusi za mpira, ndefu mpaka kwapani, unatia mikono humo na kufanya kazi bila hewa kuingia. Sanduku limejazwa nitrojeni kutoka mitungi miwili mirefu, iliyofungwa kwa mnyororo ukutani na kuunganishwa kwa bomba moja la mpira. Nitrojeni haina harufu wala rangi, wala haiwashi koo. Tunaivuta kila siku ikiwa imechanganyika na hewa nyingine. Lakini ikijaa chumbani peke yake, mtu anavuta pumzi, hasikii lolote, anaanguka. Juu ya sanduku kulikuwa na king'ora cha kuipima hewa, na sheria ya chumba ilikuwa moja: kikilia, toka, usirudie hata kiatu.

Mogire hakuambiwa sheria hiyo. Mogire alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Mong'ina, kwa hiyo ndugu yake kabisa, wamelelewa kwenye uji mmoja. Alifanya kazi ya kuchimba dhahabu kule upande wa Nyatike, akija mjini na udongo mwekundu kwenye nyusi. Siku moja alipita kuwasalimu, akachungulia chumba cha ndani. Akamwona Tima anapima unga mkavu wa manjano juu ya mzani mdogo, ule ule mzani wa madalali wa dhahabu, amevaa glavu, amebana pumzi punje isipeperuke. Kisha akaona unga umetiwa katika chupa ndogo kuliko kidole, chupa imefungiwa katika friji, na ufunguo ukarudi shingoni mwa Mong'ina.

Mogire akacheka chini chini. "Dada, kumbe mmepata."

"Tumepata nini?"

"Haya, nyamaza tu. Mimi sijaona."

Mong'ina alidhani anatania. Huo ulikuwa unga wa kutengenezea wino, basi. Lakini mtu anayekesha kwa ajili ya dhahabu, ukimwonyesha mzani mdogo na kitu cha manjano kinachofungiwa, atakuambia mwenyewe jina lake.

Sabato iliyofuata picha haikuja.

Mong'ina alikuwa amekaa na kwaya, sauti ya pili, nguo nyeupe na kitambaa cha zambarau shingoni. Alitazama simu chini ya Biblia wakati wa maombi, akajilaumu, akatazama tena. Tima hakuwa mtu wa kusahau. Kwaya iliposimama kuimba, yeye alipita nyuma ya benchi, akatoka kama anayekwenda msalani, na akateremka mjini kwa miguu huku akijiambia kwamba kutembea pia si kazi.

Upande ule wa mji ulikuwa umelala. Maduka mengi ya pale ni ya Wasabato. Barazani alikuwepo Bhoke peke yake, mama wa Ntimaru anayeuza ndizi, naye amesinzia juu ya kreti. Mlango wa chuma wa duka la Tima ulikuwa umeshushwa mpaka magotini. Mong'ina akainama, akaingia, na alipoinua kichwa akapigwa kofi la bapa la panga lililomwangusha juu ya kabati la vioo.

"Karibu, mwenye mali," sauti ikasema. "Tulikuwa tunakungoja wewe na Yesu wako."

Mwenye sauti aliitwa Okari, mlinzi wa mashimo ya dhahabu, mtu mwenye mabega ya fahali na sauti ya upole. Mlango wa chuma ulishushwa wote nyuma ya Mong'ina. Mong'ina akatema damu na jino. Kupitia kwenye machozi akamwona Tima amekalishwa kwenye meza yake ya kutengenezea simu, mtandio umemwangukia mabegani, jicho moja limefura na kufungwa, mkono wa kulia umefungwa mezani kwa waya wa umeme, kiganja juu kama cha anayeomba dua. Na pembeni, ameshika nyundo ya kupasulia mawe, akitazama kila kitu isipokuwa uso wa Mong'ina, alisimama Mogire.

"Mogire?"

"Dada, wape tu. Wape tuende."

"Niwape nini?"

Okari alimpiga teke la mbavu. "Ufunguo."

Mong'ina aliuvua shingoni na kuutupa sakafuni. Hakufikiria hata kidogo. Unga ule aliusubiri mwaka mzima, lakini Tima alikuwa anavuja damu puani, na hapo mahesabu yote yalikwisha. Mogire akaingia ndani, akarudi na vichupa vya unga. Okari akamwaga kimoja kiganjani, akaulowesha unga kwa mate, akausugua kwa kidole gumba, akauonja, akatema.

"Hii ni nini?"

"Ni wino," Mong'ina alisema. "Wino wa taa. Wa kuchapa namba. Hakuna kingine, naapa."

"Msabato anaapa!" Okari akacheka, akamgeukia Mogire. "Uliniambia wanapima."

"Walikuwa wanapima. Niliona kwa macho yangu."

"Na hii ndiyo wanayoweka mbele ya mwizi. Yenyewe iko wapi?" Akamshika Tima kwa nywele, akamwinamisha kwenye meza. "We dada wa Kiislamu, wewe una akili. Yenyewe iko wapi?"

"Wallahi ni wino, kaka," Tima alisema. "Wallahi—"

Panga lilishuka kabla hajamaliza. Halikushuka kwa nguvu, bali kama mtu anayekatia mboga, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikabaki mezani katikati ya skrubu ndogo ndogo na vioo vya simu. Tima alifungua mdomo, na kwa muda sauti haikutoka. Ilipotoka, Mong'ina aliinuka nayo. Alimrukia Okari kwa kucha na meno, akamng'ata mkono mpaka akahisi mshipa unateleza, naye Okari akamshusha kwa rungu lililokuwa kiunoni. Mfupa wa mkono wa kushoto ulilia kama kijiti kikavu. Alimpiga tena begani, na tena mgongoni, akimpiga bila hasira, kama kazi.

"Ulisema hakuna damu," Mogire alinong'ona. Alikuwa amejikojolea. "Okari, ulisema hakuna damu."

"Damu ni yako?"

"Huyu ni dada yangu."

"Basi fanya haraka upate kumwokoa dada. Lile sanduku la vioo. Vunja. Haiwezekani watu waweke vioo na glavu na mitungi kwa ajili ya wino."

Mogire akaingia na nyundo. Wakasikia pigo la kwanza, la pili, vioo vikimwagika. Hapo kilikufa kichwa cha pili cha Mong'ina, na yeye hakukikumbuka. Alikuwa amejikokota mpaka kwenye meza, ameukunja mtandio wa Tima na kuukaza kwenye kifundo cha ule mkono uliokatwa kwa meno na mkono mmoja, damu ikimtiririkia kifuani kwenye nguo nyeupe ya kwaya. Tima alikuwa akimtazama kwa lile jicho moja, midomo ikitembea.

Pigo lililofuata lilikosa sanduku. Nyundo ilikwenda kukikata kichwa cha mtungi.

Mlio uliotoka ulikuwa kama lori la mizigo linalofunga breki ndani ya nyumba. Mogire alichomoka mbio, akauvuta mlango nyuma yake na kuuegemea kwa mgongo, macho yamemtoka. Nyuma ya mlango mitungi yote miwili ilinguruma, na mnyororo ukatingisha ukuta mpaka simu za watu zikaanguka rafuni. Kisha mngurumo ukashuka, ukawa mluzi, mluzi ukafa. Na katika ukimya huo king'ora kikaanza kulia.

Kililia kwa sauti nyembamba isiyokatika, ya kumtoboa mtu sikio. Nje Bhoke hangekosa kuisikia.

"Nenda ukamnyamazishe huyo mbwa," Okari alisema.

Mong'ina aliinua kichwa. Mdomo ulikuwa umejaa damu, akaimeza ili maneno yapite. Ndugu yake alikuwa amekwisha kushika kitasa.

"Mogire. Usiingie. Humo hamna hewa."

Mogire akasita.

"Ni ile gesi," Mong'ina alisema. "Haina harufu. Ukivuta unaanguka. Mogire, mwana wa mama, nisikie mimi!"

Okari aliangua kicheko cha kweli, cha kutoka tumboni, mpaka akafuta jicho kwa mkono ulioumwa. "Hewa mbaya! Ati hewa mbaya! Buda, unasikia? Mimi nimewaambia watu hivyo kila shimo linapotoa vizuri. Unasimama mdomoni mwa shimo, unapiga makelele, hewa mbaya, hewa mbaya, kila mtu anakimbia, halafu wewe unashuka peke yako." Akatoa kibiriti cha gesi mfukoni. Wachimbaji wanajua, penye hewa iliyokufa moto haukai. Akaufungua mlango kidogo, akakiwasha pale pale aliposimama. Moto ulisimama wima, mzuri, wa buluu chini na manjano juu, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado upande huu wa kizingiti.

"Unaona? Moto unacheka. Ingia."

Mogire alimwangalia dada yake mara moja. Alivuta shati mpaka puani, kama wanavyofanya kwa ajili ya vumbi, akaingia. Wakasikia nyundo ikikipiga king'ora. Kikanyamaza. Halafu wakasikia nyundo ikianguka sakafuni, na baada ya hapo hawakusikia kitu.

"Mogire," Okari aliita. Akangoja. "Mogire! Leta hiyo kitu." Akachungulia. Ndani mlikuwa na giza la nusu, na Mogire alionekana amepiga magoti mwisho kabisa wa chumba, paji la uso limeegemea friji. "Eh! Ameiona. Ameiona na anaitia kwenye soksi, huyu mbwa."

Akaukata kwa panga waya uliomfunga Tima, akamkamata kwa nywele. "Wewe utangulie. Kama kuna mtego, ni wako."

"Okari, nakuomba," Mong'ina alisema. "Niingie mimi. Mwache huyo, niingie mimi."

"Wewe baki umwombee."

Akamsukuma Tima mbele na kuingia nyuma yake. Mong'ina aliwaona kwenye kizingiti, akaona mgongo mpana wa Okari ukijaa mlangoni, akamsikia akifungua kinywa kumtukana Mogire. Tusi halikufika mwisho. Tima alilegea kwanza, kama nguo inayoteleza kwenye kamba, na yule mtu mkubwa akasimama akishangaa uzito ulioongezeka mkononi mwake, akavuta pumzi ya kushangaa, na magoti yake yakakatika. Akamwangukia Tima juu ya miguu.

Mong'ina alisimama. Hakujua alisimamaje. Kwenye kwaya sauti ya pili ndiyo inayobaki mwisho wakati wengine wamekwisha, na mwalimu alikuwa amewafundisha kuijaza pumzi chini tumboni, si kifuani. Aliijaza sasa, mbavu zilizovunjika zikimchoma kama misumari, akafunga mdomo na kuingia.

Ndani palikuwa kama mahali popote. Hapakunuka chochote, wala hapakumbana koo, na hilo ndilo lilimtia hofu kuliko panga. Alimpiga Okari teke la bega, hakubingirika. Akampiga tena kwa kisigino, usoni, kwa nguvu zote, pua ikavunjika chini ya kiatu chake cha kanisani, na mtu akabingirika. Akamshika Tima kwapani kwa mkono ulio mzima, akakaa chini, akasukuma sakafu kwa visigino kurudi nyuma. Vioo vilivyovunjika vilimkata mapajani. Macho yakaanza kuona vimulimuli vya kijani, kijani kile kile cha namba zake, kifua kikataka kufunguka kwa lazima. Kilifunguka akiwa amekwisha kuvuka kizingiti, kichwa kimegonga mguu wa meza, na Tima amelala juu yake kama mtoto.

Tima hakuwa anapumua. Midomo ilikuwa rangi ya jivu.

Alimlaza chali, akaufunika mdomo wa Tima kwa mdomo wake, akapuliza. Damu ya wote wawili ilikuwa na ladha moja. Akapuliza tena, akitazama kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi isiyo yake. Na kila alipoinua kichwa kuvuta hewa, mlango ulikuwa mbele yake, wazi. Kiatu cha Okari kilikuwa karibu na kizingiti, kikitikisika kidogo. Mbele zaidi, mgongo wa Mogire, shati limepanda, uti wa mgongo unaonekana, kama alivyokuwa utotoni akiinama mtoni.

Angeweza kuingia tena. Kama angeacha kupuliza, angeweza kuijaza pumzi nyingine na kumfikia, au kutomfikia.

Akainama juu ya Tima, akapuliza. Akapuliza. Aliinua kichwa, akauona mgongo ule, akarudisha kichwa chini akapuliza. Mwishowe akayafumba macho ili asiuone.

Tima alikohoa damu usoni mwake.

Hapo ndipo mlango wa chuma ulipopanda kwa kishindo, mwanga wa mchana ukaingia, na Bhoke akasimama na rungu la mumewe huku nyuma yake watu wanakusanyika. Mama huyo alitazama vidole mezani, akapiga yowe lililoujaza mtaa. Watu waliingia kama maji. Mong'ina aliwapigia kelele wasiingie chumba cha ndani, wavunje ukuta, wafungue kote, na walipobomoa tofali za juu na hewa ikapita, wakawatoa wale wawili kwa kuwavuta miguu. Okari akakohoa. Kukohoa huko kulikuwa msiba wake, kwa maana watu walianza naye hapo hapo barazani, kwa mawe, kwa kreti za soda, kwa mchi wa kinu, mtu mmoja akiitisha petroli na mwingine akivingirisha gurudumu, mpaka polisi walipopiga risasi hewani na kumnyakua, uso wake hauna umbo tena. Aliishi. Wanasema mpaka leo humwuliza askari jela kama ameiona soksi ya Mogire.

Mogire hakukohoa.

Tima alipelekwa Homa Bay, kwa sababu mama yake, Bi Sumeya, ana duka la leso huko na alitaka mtoto alazwe mahali anapoweza kumpelekea uji mwenyewe. Mong'ina alimfuata, mkono kwenye plasta, mbavu zimefungwa bendeji, akilala kwenye jamvi la Bi Sumeya. Ni huko uani mwa hospitali, upepo wa ziwa ukipeperusha nguo zilizoanikwa, mama yake Mogire alipomkuta. Phelesia alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, anauza viazi sokoni, na alikuja na mwavuli wake mweusi. Hakumsalimu. Alimpiga kwa mwavuli ule begani, kwenye plasta, kichwani, mpaka vyuma vya mwavuli vikachomoka, na Mong'ina hakuinua mkono wala kurudi nyuma. Walinzi walipotaka kumshika, Mong'ina alisema, "Mwacheni. Ni mama yangu."

Phelesia akasimama akihema. "Alikuwa hai?"

"Sijui, mama mdogo."

"Hujui! Ulikuwa pale!"

"Nilikuwa pale. Sikwenda kumtazama."

"Huyo mwingine ulimtoa."

"Nilimtoa. Hakuwa anapumua. Ningemwacha niende kwa Mogire, angekufa."

"Na mwanangu?"

Mong'ina angeweza kusema kwamba hakumwona, kwamba kulikuwa na giza, kwamba alikuwa amezimia. Hakuna ambaye angembishia. "Nilimwona mgongo," alisema. "Nikafumba macho."

Mama yule alikaa chini pale pale kwenye kokoto, miguu mbele, kama anayepumzika njiani na mzigo. Alikaa hivyo, Mong'ina naye akakaa kando yake, na hawakushikana. Kisha Phelesia akauliza huyo Mwislamu yuko wapi. Akaonyeshwa wodi. Akasimama miguuni pa kitanda, Bi Sumeya akiwa ameganda na kijiko cha uji hewani, akautazama ule mkono uliofungwa, akautazama sana.

"Ni wa kulia, wa kufanyia kazi," alisema. Akageuka, akaenda zake sokoni bila mwavuli.

Ilichukua muda mrefu kupata kichwa kingine. Ukuta wa chumba cha ndani sasa una dirisha, na king'ora kipya kimefungwa ndani ya kizimba cha chuma, kingine kama hicho kimewekwa nje barazani, juu ya kreti ya Bhoke, ambaye hulalamika kwamba kinamwangalia. Glavu moja ya kulia ya sanduku jipya ina vidole viwili vilivyofungwa fundo, kwa sababu vikiachwa wazi hufura na kusimama vyenyewe, na Tima alisema hataki kuvitazama vikimpungia.

Sabato ya kwanza ya kichwa hicho, Tima alipofika alimkuta Mong'ina amekaa kwenye kiti mlangoni mwa chumba cha ndani, nguo nyeupe, Biblia mapajani.

"Dada, leo kanisa limehamia huku?"

"Nimekaa tu. Kukaa si kazi."

"Na nikianguka, utanivuta? Kuvuta ni kazi."

"Fanya kilichokuleta, Tima."

Tima akacheka, akatia mikono kwenye glavu. Kichwa kikatema matone yake juu ya karatasi, na yeye akaitazama kupitia kioo, kisha akatoa mkono na kupiga picha kama zamani. Simu ya Mong'ina ikatikisika mapajani. Hakuitazama. Alikuwa akitazama kioo cha sanduku, mahali Tima alipoinamisha uso kuzichunguza zile nukta, pale pumzi yake ilipokuwa ikiweka doa la ukungu, doa likifutika, likirudi tena.